Mlima Wudang: yanayodhaniwa na yaliyopo

Vijana wetu wengi wamesoma Wuhan, udaktari hasa na uhandisi, na kutoka pale hadi Mlima Wudang ni safari ya treni ya saa chache tu ndani ya jimbo lilelile la Hubei. Hata hivyo, ukiwasikiliza watu wakiuzungumzia mlima huu, mengi wanayoyasema yametoka kwenye filamu. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu Wudang ni miongoni mwa milima mitakatifu mikubwa ya Utao, dini iliyozaliwa China kwenyewe. Kilele chake kirefu, Tianzhu, kina mita 1,612, na majengo yake ya kale yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994. Anayekwenda huko na picha za filamu kichwani atapita mbele ya mambo makubwa bila kuyaona.

"Wudang na Shaolin ni kitu kimoja: watawa wa kung fu."

Hapana. Shaolin ni hekalu la Kibudha na liko Mlima Song, jimbo la Henan. Wudang ni kwa Watao. Hata kwa macho utawatofautisha: mtawa wa Kibudha hunyoa kichwa, mtawa wa Kitao hufuga nywele na kuzifunga fundo utosini. Shule za kung fu zipo Wudang, tena nyingi, na wageni kutoka nchi mbalimbali huja kujifunza. Lakini mahekalu hayakujengwa kwa ajili ya mapigano. Yalijengwa kwa ibada, na hadi leo watawa wa Hekalu la Zixiao husoma sala zao asubuhi na jioni, wanaume na wanawake, maana Utao una watawa wa kike pia.

Wengi pia huamini kwamba mtawa mmoja wa hapa, Zhang Sanfeng, ndiye aliyebuni tai chi, sanaa ya mapigano ya mwendo wa polepole, baada ya kumtazama nyoka akipigana na ndege. Ni hekaya nzuri, na pale mlimani utaisimuliwa kama historia. Ila maandishi ya zamani zaidi yanayomhusisha Zhang Sanfeng na sanaa ya ngumi ni ya mwaka 1669, miaka mingi baada ya zama anazosemekana kuishi, na tai chi yenyewe inaweza kufuatiliwa vizuri zaidi hadi kijiji cha Chen, huko Henan, karne ya 17. Kusema hivyo si kumvunjia heshima. Watao wanamheshimu kama mtakatifu, na heshima hiyo haitegemei mateke.

"Utao ni falsafa tu, hauna miungu wala ibada."

Dhana hii huwapata waliosoma. Wamekutana na mafundisho ya Laozi, mwenye hekima wa kale wa China, wakayapenda, wakahitimisha kwamba Utao wote ni hekima ya mtu aliyetulia kando ya mto. Ukweli ni kwamba Utao ni dini yenye makuhani, ibada, sikukuu na miungu mingi. Jumuiya yake ya kwanza kubwa inahesabiwa tangu mwaka 142, Zhang Daoling alipoanzisha Njia ya Mabwana wa Mbinguni huko Sichuan. Zipo jumuiya ambazo watawa wake hawaoi na hawali nyama, na zipo nyingine ambazo kuhani ana mke na watoto nyumbani.

Pale Wudang mwenye enzi si Laozi. Ni Zhenwu, mungu wa upande wa kaskazini, anayechorwa nywele zikiwa wazi, miguu pekupeku, na karibu naye kobe aliyezungukwa na nyoka. Hekaya yake ndiyo ramani ya mlima. Alikuwa mwana wa mfalme aliyeacha jumba la baba yake akaja kutafuta ukamilifu milimani. Akakata tamaa, akaanza kurudi nyumbani. Njiani akamkuta bibi kizee anasugua fimbo nene ya chuma kwenye jiwe. Akamuuliza unafanya nini. Bibi akajibu kwamba anatengeneza sindano. Kijana akageuza njia. Mahali hapo pana hekalu linaloitwa Kisima cha Kusagia Sindano, na mbele yake zimesimama fimbo mbili za chuma. Asiyeijua hekaya hii huyaona ni mabomba tu, akapita.

"Ni majengo ya watawa maskini waliojitenga na dunia."

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Wudang tunayoiona leo ni kazi ya dola. Mwaka 1402 Zhu Di, ambaye wengi humjua kama Mfalme Yongle wa enzi ya Ming, alimpindua mpwa wake na kutwaa kiti. Mfalme aliyepata ufalme namna hiyo anahitaji kuungwa mkono na mbingu, naye alitangaza kwamba Zhenwu, mungu wa kaskazini alikotokea yeye mwenyewe, ndiye aliyempigania. Mwaka 1412 akaamuru ujenzi Wudang, na watu zaidi ya laki mbili, askari, mafundi na vibarua, wakatumwa kuchonga mawe na kupandisha mbao juu ya magenge. Ni mfalme yuleyule aliyejenga Mji Uliokatazwa, makao ya wafalme kule Beijing.

Na ni yuleyule ambaye pwani yetu inamjua. Merikebu za amiri Zheng He zilizofika Afrika Mashariki zilikuwa za mfalme huyu, na mwaka 1415 alipokea twiga kutoka Malindi, mnyama ambaye watu wa ikulu walimfananisha na kiumbe wa baraka katika hekaya zao. Mwaka uliofuata, 1416, Ukumbi wa Dhahabu ukasimamishwa kwenye kilele cha Wudang. Mswahili anayesimama mbele ya ukumbi ule ana haki ya kukumbuka kwamba mtu aliyeuagiza alikuwa ametoka tu kumpokea mnyama wa kwao.

Ukumbi wenyewe umezua dhana nyingine: kwamba ni dhahabu tupu. Ni shaba iliyovikwa dhahabu. Sogea karibu uutazame vizuri. Kila kitu kimefinyangwa kwa shaba kuiga mti: nguzo, vigae, boriti zilizopishana chini ya paa, milango yenye nakshi, hata wanyama wadogo waliopangwa kwenye ncha za paa. Ni mdogo kuliko watu wanavyotarajia, kimo chake ni mita tano na nusu hivi. Vipande vilitengenezwa Beijing, vikasafirishwa kwa maji hadi Hubei, vikabebwa hadi juu na kuunganishwa pale kwa ulimi na tundu, kama seremala aungavyo meza. Kwa zaidi ya miaka 600 umepigwa na radi, theluji na upepo, na bado umesimama. Ndani ameketi Zhenwu, na watu wa huko hupenda kusema kwamba uso wake ni wa Yongle.

Wala si kila kitu kimebaki kama alivyokiacha mfalme. Ukumbi mkuu wa Hekalu la Yuzhen, lililojengwa kwa heshima ya Zhang Sanfeng, uliteketea kwa moto mwaka 2003. Baadaye maji ya bwawa la Danjiangkou yalipopandishwa ili yapelekwe hadi Beijing, malango ya kale ya hekalu hilo yaliinuliwa mita 15 yasizame.

"Udi ukichomwa mahali pa hatari, baraka huzidi."

Kwenye Hekalu la Nanyan, lililobandikwa ubavuni mwa genge, kuna boriti ya jiwe iliyochongwa kichwa cha joka. Imetokeza hewani karibu mita tatu, haina hata upana wa kiti, na chini yake ni bonde tupu. Mwishoni pamewekwa chetezo. Zamani mahujaji walitambaa juu yake kwenda kuchoma udi, na kurudi walirudi kinyumenyume. Wengine walianguka. Mwaka 1673 gavana mkuu aliweka jiwe la maandishi kupiga marufuku desturi hiyo. Kwa hiyo hata wakubwa wa zamani walikataa ushujaa huo. Udi wa kawaida ni vijiti vitatu, na vinatosha. Anayekusukumia fungu kubwa la bei kali anafanya biashara.

"Mwislamu au Mkristo akiingia atalazimishwa kusujudu."

Hakuna anayemlazimisha. Wageni wengi, Wachina wakiwemo, huingia kutazama tu. Kinachotakiwa ni adabu: ruka kizingiti usikikanyage, usipige picha za sanamu ndani ya kumbi, usimnyooshee mtawa kidole, wala usimuulize umri wake, kwani kwa Watao hilo si swali la heshima. Ukitaka kumsalimia, funika ngumi ya kulia kwa mkono wa kushoto mbele ya kifua. Atafurahi.

"Magari ya kuning'inia kwenye nyaya yanakufikisha mlangoni."

Yanakuondolea kazi kubwa, lakini toka kituo cha juu bado kuna ngazi hadi Ukumbi wa Dhahabu, na za mwisho zina mwinuko mkali. Anayepanda kwa miguu toka Nanyan ajipe nusu siku. Magari binafsi hayaruhusiwi ndani. Mabasi ya mlima ndiyo yanayozungusha watu. Treni ya mwendo kasi toka Wuhan ilianza mwishoni mwa 2019 na ina kituo cha Wudangshan Magharibi.

Na kama unatafuta utulivu, usiende wiki ya kwanza ya Oktoba, China nzima iko likizo. Ukitaka kuiona ibada yenyewe, nenda siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda yao ya mwezi, sikukuu ya kuzaliwa kwa Zhenwu, uvumilie msongamano. Mwenye siku moja tu mimi humshauri aache kilele, asubuhi aitumie Zixiao na mchana Nanyan, bila haraka.