Sakafu Nazo Hushikilia Nguzo: Jinsi Jengo Refu Linavyoporomoka

Jengo la ghorofa likiporomoka, watu huuliza kwanza habari za nguzo: zilikuwa nyembamba mno? Nondo zilipunjwa? Ni maswali ya haki, lakini yanaacha nusu ya jambo. Nguzo hubeba sakafu, na sakafu nazo huzishika nguzo zisipinde kando. Mshiko huo ukikatika, hata nguzo isiyo na ufa wowote inaweza kushindwa.

Mwanahisabati Leonhard Euler alilionyesha hilo katika karne ya 18. Nguzo ndefu na nyembamba haisubiri kupondeka, hupinda kwanza. Urefu wake usioshikwa ukiongezeka mara 2, mzigo wa kuipinda hupungua hadi robo. Ukiongezeka mara 3, hubaki sehemu moja tu ya tisa.

Jengo namba 7 la World Trade Center, New York, lilianguka kwa njia hiyo tarehe 11 Septemba 2001. Lilikuwa na ghorofa 47, wala halikugongwa na ndege. Vifusi vya mnara wa jirani viliwasha moto ndani yake, nao ukawaka kwa takriban saa 7. Uchunguzi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 2008, ulieleza kwamba joto lilirefusha boriti za sakafu hadi zikaisukuma boriti kuu moja ikatoka mahali ilipoegemea, kwenye nguzo namba 79. Sakafu ya ghorofa ya 13 ikaanguka na kuzibomoa zilizo chini yake mpaka ya 5. Nguzo ile ikabaki bila mshiko kwa kimo cha ghorofa 9, ikapinda, na nguzo za jirani zikaelemewa moja baada ya nyingine. Chuma hakikuyeyuka. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, joto ambalo moto wa kawaida wa jengo haulifikii. Lakini kwenye nyuzi 600 nguvu yake imeshapungua kwa karibu nusu, na hurefuka mapema zaidi ya hapo.

Kwa nini anguko la sehemu moja halikomei hapo? Mzigo ukiachiwa ghafla juu ya sakafu, hata bila kudondoka kutoka juu, huisukuma kwa nguvu mara 2 ya uzito wake. Ukidondoka kimo cha ghorofa nzima, nguvu hiyo huzidi sana, na hakuna sakafu ya kawaida iliyosanifiwa kuistahimili. Huko Ronan Point, London, tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi katika ghorofa ya 18 ulisukuma nje ukuta uliokuwa ukibeba mzigo. Ghorofa za juu yake zikaanguka, kisha uzito wao ukaziporomosha za chini. Kona nzima ya jengo la ghorofa 22 ilikwenda, na watu 4 walikufa. Paneli za zege hazikuwa zimefungwa vya kutosha kwenye maungio. Baada ya hapo Uingereza ilibadilisha kanuni zake za ujenzi, ikataka kasoro ya mahali pamoja isiangushe jengo kupita kiasi.

Kwenye zege, mahali ninapopahofia zaidi ni pale sakafu bapa isiyo na boriti inapokaa juu ya nguzo. Ikielemewa, nguzo huitoboa na sakafu hushuka bila kupinda sana kwanza. Duka kubwa la Sampoong, Seoul, halikuwa refu, lakini lilianguka hivyo tarehe 29 Juni 1995, na watu 502 wakafa. Ghorofa ya 5 ilikuwa imeongezwa kwenye mpango wa awali, na mitambo mizito ya kupoza hewa ilikuwa imeburutwa juu ya paa. Nyufa zilionekana miezi kadhaa kabla, na siku yenyewe zilipanuka, lakini wanunuzi hawakuondolewa.

Kinga ya hatari hii si ghali: nondo za chini za sakafu zipitishwe moja kwa moja ndani ya nguzo, ili sakafu ikitobolewa ibaki inaning'inia badala ya kudondokea ya chini. Kwa jengo lililokwisha kujengwa, ufa unaozunguka kichwa cha nguzo kwenye sakafu bapa usizibwe kwa plasta kabla mhandisi hajauona. Ukiwa unapanuka, watu watoke kwanza. Vipimo vifuate baadaye.