Si wote marubani, na hawakufuata ufuko

Juzi kijana mmoja kanitumia picha: watu tisa wanashuka kwenye ndege huko Hawaii, mabegi begani, miwani ya jua usoni. Kaandika: "Mazoezi ni ya wanamaji, hawa marubani wamefuata nini? Ufuko?" Swali hili nimeulizwa mpaka nimekinai.

Hayo ni mazoezi ya RIMPAC, ya wanamaji wa nchi nyingi katika Bahari ya Pasifiki, yaliyoanza 1971. Mwaka 2024 yalikusanya nchi 29 na ndege zaidi ya 150. Ndege ya pichani ni P-8 Poseidon, ndege ya kusaka nyambizi. Umbo lake ni la Boeing 737, ndege ya abiria, ndiyo maana watu hudhani imeleta abiria.

Ndege za nini? Ukisimama melini mita 25 juu ya maji, upeo wako ni kilomita 18 hivi. Panda mita 6,000, unafika kilomita 276. Basi, ndege ndiyo macho ya meli.

Kinachoniudhi ni hilo "marubani". Kati ya hao tisa, kwa kawaida wanaoirusha ndege ni wawili tu. Waliobaki wako nyuma, kila mtu na skrini yake. Mimi nimekaa kiti cha nyuma miaka mingi, na kila nikirudi nyumbani naitwa rubani. Sijawahi kurusha hata tiara! Tena rubani wa asili ni mtu wa bahari, anayeongoza chombo kupita miambani hadi bandarini. Neno lilianzia majini, leo mnashangaa kuliona majini.

Sisi wa nyuma tunasikiliza sauti ya nyambizi. Tunadondosha boya, bomba lisilofika mita moja. Likigusa maji linateremsha kinasa sauti. Shida ni kwamba maji ya juu yana joto, ya chini ni baridi, na hapo katikati sauti hupinda. Nyambizi ikijibanza chini ya tabaka hilo, utapita juu yake usikie mvua tu.

Na hao wa pichani wanawahi kufika na kuanzia darasani: nani ataruka futi ngapi, nani atatumia masafa gani ya redio, maana helikopta ya nchi nyingine itakuwa inaisaka nyambizi ileile chini yako.

Ila nikiri jambo. Nyambizi ya mazoezi mara nyingi hutengewa eneo na saa. Niliwahi kushangilia "tumeinasa!" kwa sauti kubwa, halafu nikakumbuka kwamba ramani ya eneo lake tuligawiwa asubuhi, pamoja na chai.