Utambuzi kwa Umbo: Kumjua Ndege Mbuai Katika Picha Isiyo Wazi

Utambuzi kwa umbo ni njia ya kumjua ndege kwa kuangalia jinsi sehemu za mwili wake zinavyolingana, yaani urefu wa mkia ukilinganishwa na upana wa bawa, kichwa kinavyochomoza mbele ya mabega, na mkunjo wa mabawa anapoelea, badala ya kutegemea rangi ya manyoya. Hutumika zaidi kwa ndege mbuai, kundi la tai, furukombe, mwewe, vipanga, kozi na tumbusi, kwa kuwa ndege hawa huruka juu sana na picha zao nyingi hutoka kama doa jeusi lililoning'inia angani.

Inafaa kwanza kuelewa doa hilo linatoka wapi. Tuseme mtu amesimama ufukweni Kibirizi, mjini Kigoma, akampiga picha furukombe aliye umbali wa mita 300. Mabawa ya ndege huyo yakinyooshwa hufikia mita 2 au zaidi kidogo. Kamera ya simu ambayo picha yake ina upana wa vitone 4,000 (chembe ndogo za rangi zinazounda picha), na inayoona pembe ya nyuzi 65 hivi, kwa umbali huo huchukua eneo lenye upana wa takriban mita 380. Kwa hiyo ndege mzima, kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili, hupata vitone kama 20 tu, na mkia wake hupata viwili au vitatu. Kuivuta picha kwa vidole hakuongezi kitu ambacho hakikuwamo. Simu nyingi za siku hizi hujaribu kuisafisha picha zenyewe, na katika kusafisha huko huchora kingo na madoa ambayo ndege hakuwa nayo. Mimi huiamini zaidi picha yenye ukungu kuliko ile iliyokwisha kunyooshwa na programu.

Rangi ndiyo hudanganya kwanza. Ndege akiwa kati ya kamera na jua, upande wake wa chini huwa kivulini, na kahawia, kijivu na nyekundu zote huishia kuwa nyeusi, huku manyoya meupe ya bawa, kwa kuwa hupitisha mwanga, yakibaki yameng'aa. Moshi wa mioto ya kiangazi katika misitu ya miombo ya Tabora huzidi kuzififisha rangi hizo. Kinachosalia katika picha kama hiyo ni umbo, pamoja na mgawanyo wa weusi na weupe: wapi pameng'aa, wapi pamezibwa.

Mfano mzuri kwa Kigoma ni furukombe, ambaye wengine humwita kwazi, na tumbusi wa michikichi, ndege anayekula matunda ya mchikichi pamoja na kaa na samaki. Wote wawili hukaa kando ya ziwa, wote wana mabawa mapana na mkia mfupi, na kwa mbali wote ni ndege wa rangi nyeusi na nyeupe. Niliwahi kuonyeshwa picha iliyopigwa upande wa Ujiji, ndege akipita juu ya michikichi, na mwenye picha alikwisha kuamua kuwa ni furukombe kwa sababu kichwa kilikuwa cheupe. Niliacha kichwa nikatazama mkia: ulikuwa mweusi, wenye ukingo mwembamba mweupe mwishoni, ilhali mkia wa furukombe aliyekomaa ni mweupe wote. Tumbo nalo lilikuwa jeupe, na manyoya marefu ya upande wa ncha za mabawa yalipitisha mwanga. Ya furukombe ni meusi. Yule alikuwa tumbusi wa michikichi, na kichwa kilichomponza mwenye picha hakikuwa na msaada wowote, maana ndege wote wawili wanacho cheupe.

Mwewe, yule anayenyakua dagaa kwenye vichanja, hujulikana kwa mkia mrefu uliogawanyika kidogo mwishoni, ambao huupindapinda kama usukani. Tatizo ni kwamba akiutandaza mkia, mgawanyiko ule hupotea kabisa, na picha moja iliyonaswa wakati huo itamfanya aonekane ndege mwingine. Ndiyo maana picha tano mfululizo, hata zikiwa mbaya, zina thamani kuliko moja nzuri. Kozi ana mabawa membamba yenye ncha kali. Kipanga ana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu. Lakini karibu kila ndege mbuai anaposhuka kwa kasi huyavuta mabawa nyuma, na hapo hata tai huonekana ana ncha kali kama kozi.

Tai pungu wa Tabora ndiye zawadi ya mpigapicha asiye na kamera kubwa, kwa kuwa mkia wake ni mfupi kiasi kwamba akishakomaa miguu huchomoza nyuma yake, na mabawa huonekana kama yamepachikwa kwenye mwili usio na mwisho. Hata hivyo pungu kijana ni wa kahawia, mkia wake ni mrefu kidogo, na huchukua miaka 7 au 8 kufikia sura ya utu uzima. Furukombe naye huchukua miaka 4 hadi 5. Vijana hawa ndio wanaozua mabishano mengi.

Kwa kupima, mimi huweka njiti ya kiberiti juu ya kioo cha simu, nikachukua upana wa bawa pale linapoungana na mwili, kisha nikauhamishia kwenye mkia. Mkia wa mwewe huzidi kipimo hicho. Wa furukombe na wa tumbusi haukifikii. Ukubwa wa ndege wenyewe siupimi, kwa sababu angani hakuna kitu cha kulinganisha naye.

Jina pia lina ngazi zake. Picha ikionyesha mabawa mapana, kichwa kilichozama mabegani na mkia mfupi, bila zaidi, jibu lake ni "tumbusi", bila kutaja ni yupi. Ninayo moja ya namna hiyo kutoka Uvinza, na pembeni nimeandika saa, upande wa jua na neno hilo moja.