Kubandika mgongo wa upinde mrefu: kinachoamua ni mbao, si gundi

Wanaoanza kuunda pinde huniuliza kuhusu gundi kuliko jambo jingine lolote, ilhali mimi, kabla sijafungua hata kopo la gundi, hutumia muda mrefu nikitazama nyuzi za mbao. Upinde unapovutwa, upande unaoelekea shabaha, ambao sisi mafundi tunauita mgongo, hunyooshwa, na upande unaomwelekea mpiga mshale, yaani tumbo, hubanwa. Mbao safi kwa kawaida hustahimili kunyooshwa kuliko kubanwa, lakini namna zinavyoharibika ni tofauti kabisa: tumbo huchoka polepole, ilhali mgongo ukishindwa hupasuka ghafla, na upinde ukavunjika vipande mkononi. Mpasuko huo mara nyingi huanza pale ambapo nyuzi zimekatwa na kutokeza juu, kwenye fundo la tawi au mahali ambapo msumeno umepita kinyume cha mwelekeo wa nyuzi. Ukanda unaobandikwa mgongoni una kazi moja kubwa: kuuwekea upinde nyuzi zilizonyooka, zinazotoka ncha moja hadi nyingine bila kukatika.

Wazo hili si la leo. Mti wa yuu, ambao ndio uliotumika kwa pinde ndefu za Uingereza zilizopatikana katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, una tabaka mbili kwa asili yake: mbao nyeupe ya nje inayopenda kunyooshwa, na moyo mwekundu unaopenda kubanwa. Anayebandika ukanda wa hikori, mbao ngumu ya Amerika ya Kaskazini, juu ya mbao nyingine anaiga mti huo. Wajapani nao wamekuwa wakibandika mwanzi na mbao katika upinde wao mrefu kwa karne nyingi.

Kwa mgongo, mimi huchagua hikori au mwanzi. Ukanda wa hikori nautaka uwe na nyuzi zilizonyooka pande zote mbili, ubapani na ubavuni. Nikiona mstari unaoanzia ukingo mmoja na kutokea ukingo wa pili ndani ya sentimita 20, ubao huo naupangia kazi nyingine. Mwanzi una nguvu nyingi upande wa ganda, kwa hiyo ninauranda kutokea ndani tu, na mafundo yake ya nje nayalainisha kidogo bila kuyasawazisha kabisa, kwa maana fundo la mwanzi lililorandwa likawa bapa ndilo mahali pa kwanza kupasuka. Kwa tumbo hutafutwa mbao inayovumilia kubanwa, kama vile osage, mti mwingine wa Amerika ya Kaskazini, yuu, au ipe, mti wa Amerika ya Kusini ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Hapa ndipo nilipopata hasara yangu ya kwanza. Niliamini kwamba mgongo ukiwa mnene upinde utakuwa salama zaidi, nikabandika hikori ya milimita 6 juu ya tumbo la mwerezi. Haukupasuka. Ila baada ya kupiga mishale kwa wiki moja niliuona upinde umejikunja kuelekea upande wa ugwe, yaani kamba ya upinde, hata ulipokuwa haujafungwa, na nilipouinamisha kwenye mwanga wa dirisha nikaona tumboni vistari vyembamba kama nywele, vinavyokatiza nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo. Hizo ni nyuzi zilizopondwa. Mgongo ulikuwa mgumu kunyooka, basi tumbo lililazimika kubeba peke yake karibu mpindo wote. Siku hizi hikori yangu haizidi milimita 3, na tumbo likiwa dhaifu ninapunguza upana wa mgongo kwa kuzichonga kingo zake kimshazari, ili uso wa mgongo uwe mwembamba kuliko tumbo na pande mbili zigawane mzigo.

Kuhusu gundi sina mengi. Epoksi inayokauka polepole hunipa nafasi ya kupanga mbao bila haraka, na haiingizi maji ndani ya mbao kama inavyofanya gundi nyeupe ya useremala. Nyuso mbili lazima zikutane bila mwanga kupenya kati yake, kwa kuwa klampu si dawa ya mbao iliyorandwa vibaya. Nazikwaruza kwa msasa namba 80, na ikiwa tumbo ni la ipe, ambayo ina mafuta, nalifuta kwa asetoni na kubandika papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena juu. Kisha ninauweka upinde kwenye kalibu iliyopinda ili ncha zake zisogee sentimita 4 au 5 kuelekea mgongoni, na kuuzungushia vipande virefu vya mpira wa tairi la baiskeli. Mpira hubana sawasawa kila mahali. Klampu zikikazwa kupita kiasi huikamua epoksi yote nje na kuacha kiungo kikavu.

Kazi ndefu kuliko zote ni kuifundisha mikono ya upinde, yaani nusu zake mbili, ya juu na ya chini, kupinda. Unene ndio wenye amri hapa: ukiongeza upana maradufu, ugumu huongezeka maradufu, lakini ukiongeza unene maradufu, ugumu huongezeka mara 8, na hivyo kupunguza unene kwa asilimia 10 tu kunaondoa zaidi ya robo ya nguvu. Kwa upinde wa sentimita 180 unaovutwa hadi sentimita 71 ninaufunga kwenye kiunzi cha ukutani chenye kapi na mizani, nikivuta kamba huku nimesimama mbali ili niione mikono yote miwili kwa pamoja. Kama ninataka nguvu ya kilo 20, sivuti kamwe kupita mahali mizani inaposoma 20, hata kama ugwe umefika sentimita 40 tu. Anayevunja kanuni hiyo analichosha tumbo kabla upinde haujapiga mshale wa kwanza.

Mbao inaondolewa tumboni peke yake; mgongo hauguswi. Ili kujua pa kukwaruza natumia kijiti bapa cha sentimita 15 kilichotobolewa katikati na kupachikwa penseli. Upinde ukiwa umepinda, nakitelezesha kijiti juu ya tumbo: panapopinda vizuri penseli inaning'inia bila kugusa, na panapokataa kupinda inaacha alama. Nakwaruza alama hizo mpaka zifutike, kisha navuta upinde mara 30 kabla ya kupima tena, kwa kuwa mbao haionyeshi mabadiliko yake mara moja. Wengi hukosea hapa kwa pupa: wanakwaruza, wanatazama, hawaoni tofauti, wanakwaruza tena, na kesho yake wanakuta upinde wa watoto.

Mkono wa chini wa upinde nauacha uwe mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa sababu kiganja cha mpigaji hushika chini ya kitovu cha upinde na mkono huo wa chini hubeba zaidi. Baada ya hapo nazilainisha kingo za mgongo mpaka kidole kikipita kisihisi kona, napaka mafuta, na kupiga mishale 100 kwa mvuto mfupi kabla ya kuuvuta kikamilifu, nikisimama kila baada ya mishale michache kuukagua mstari wa gundi kwa ukucha kutoka ncha hadi ncha.