Huruma asiyohesabiwa mhafidhina

Kazi yangu ni saikolojia ya siasa, na swali ninaloulizwa sana na wanaharakati walioshindwa uchaguzi ni hili: "Inakuwaje mtu apige kura kinyume na maslahi yake?" Swali lenyewe limeshahukumu. Limeshaamua kwamba maslahi ni ya mfukoni tu, na kwamba anayetanguliza ndoa, imani au malezi ya watoto ama kadanganywa, ama ana woga, ama ana chuki.

Mwaka 2012 wanasaikolojia Jesse Graham, Brian Nosek na Jonathan Haidt walichapisha utafiti uliohusisha Wamarekani 2,212. Baadhi walijaza dodoso la maadili kwa mawazo yao wenyewe. Wengine waliambiwa wajibu kama mliberali wa kawaida, yaani mpenda mabadiliko, au kama mhafidhina wa kawaida, yaani mshika mila. Pande zote zilitia chumvi tofauti zao, lakini waliokosea zaidi walikuwa waliberali. Tena hawakuteleza sana kwenye maswali ya mamlaka au utakatifu, bali kwenye yale ya huruma na haki. Chukua sentensi moja ya dodoso lile: kumuumiza mnyama asiyeweza kujitetea ni miongoni mwa mambo mabaya kabisa ambayo mtu anaweza kufanya. Waliberali waliojivika uhafidhina walidhani mhafidhina angeikataa.

Mliberali akipima jema na baya huuliza hasa mawili: nani anaumizwa, nani anaonewa? Mhafidhina anayauliza pia, ila kwake yamechanganyika na uaminifu kwa jamii yake, heshima kwa mamlaka, na utakatifu. Akipiga kura kulinda mojawapo ya hayo matatu, mpinzani wake haoni kinacholindwa. Anaona huruma imepungua, na pengo hilo analijaza kwa kudhani ni chuki.

Msikilize mzazi anayepinga somo jipya la elimu ya jinsia shuleni. Mara nyingi huanza na, "Mbona hatukuulizwa?" Mpinzani analiruka hilo na kumjibu kwa takwimu za afya. Takwimu zinaweza kuwa sahihi kabisa, na mimi mwenyewe aghalabu naziunga mkono. Ila yule mzazi alikuwa anazungumzia mamlaka yake juu ya mwanawe, na hilo hakujibiwa. Anarudi nyumbani akijua tu kwamba amedharauliwa.

Sisemi chuki haipo. Ipo, na nimewahoji watu walioikiri waziwazi. Lakini ukiifanya ufunguo wa kila mlango, wengi watabaki nje.

Mwaka 2013 watafiti Matthew Feinberg na Robb Willer waliijaribu hoja ya kulinda mazingira kwa lugha ya usafi, pamoja na picha za msitu uliojaa takataka na mtu akinywa maji machafu. Wahafidhina waliosoma ujumbe huo walisogea karibu kabisa na waliberali. Mazingira ni yaleyale waliyokuwa wakihubiriwa siku zote kwa lugha ya madhara, kisha wakaitwa watu wasiojali.