Je, Wajua Kwa Nini Ua wa Lavenda Ukikatwa Sana Hauchipui Tena?

Mkulima wa kahawa akiona mibuni imezeeka huikata visiki, na baada ya wiki kadhaa machipukizi hujitokeza pembeni. Mchai nao hupogolewa hadi ukabaki matawi matupu, kisha ukarudi na majani mapya. Mtu aliyezoea hayo akihamia Uingereza na kukuta mbele ya nyumba ua wa lavenda, yaani uzio wa vichaka vya maua yanayonukia, uliotanuka ovyo, ni rahisi aufanyie vivyo hivyo: aukate chini, asubiri. Msimu wa joto utapita, na kilichobaki ni safu ya vijiti vya kijivu.

Sababu imo ndani ya shina. Mbuni na mchai huwa na macho yaliyolala chini ya gome, yaani vichipukizi vidogo visivyoamka mpaka sehemu ya juu iondolewe. Ncha zinazokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho hayo. Ncha zikikatwa, kizuizi kinaondoka. Lavenda nayo ina macho, ila yaliyo hai yako karibu na majani. Tawi likishapukutisha majani na kuwa gumu, macho yake mengi hufa. Ukikata hapo, hakuna cha kuamsha.

Shika tawi moja ulichunguze kuanzia juu. Kwanza utaona kikonyo kirefu kilichobeba maua. Chini yake kuna majani membamba ya kijani-kijivu, mawili mawili yakitazamana, na kwapani mwa kila jani mna kishada cha vijani vichanga. Hayo ndiyo macho yenyewe. Ukishuka zaidi unakuta gome la kahawia linalobanduka, bila jani lolote. Mkasi upite sentimita 2 au 3 juu ya mahali gome hilo linapoanzia. Usishuke zaidi ya hapo, hata kama ua unaonekana bado mrefu.

Ndiyo maana ua wa lavenda hupogolewa kila mwaka tangu ukiwa mchanga, kwa Uingereza mwezi wa Agosti, maua yanapofifia, ili majani mapya yapate kukomaa kabla ya baridi. Ukiuacha miaka mitatu, minne, kijani kinahamia pembezoni, katikati panabaki wazi, na theluji au mvua ikiulemea unapasuka. Ukifika hapo, sikushauri uhangaike nao. Panda upya.

Asili ya lavenda ya Kiingereza, ndiyo hii ya ua, licha ya jina lake, ni milima ya kusini mwa Ulaya, ikiwemo ile ya Provence, Ufaransa: jua kali, mawe, udongo wa chokaa usiotuamisha maji. Vinyweleo vinavyoyapa majani ile rangi ya kijivu hupunguza upotevu wa maji. Mmea wa namna hii ukiupa samadi nyingi unaudhuru. Unatoa matawi marefu laini yanayolala, na maua machache. Maji uipe mimea michanga msimu wa kwanza. Adui mkubwa ni mizizi kukaa kwenye tope wakati wa baridi, kwa hiyo penye udongo wa mfinyanzi inua tuta na uchanganye changarawe. Kwa ua mfupi watu wengi huchagua Hidcote, aina yenye maua ya zambarau iliyokolea, iliyopewa jina la bustani ya Hidcote Manor huko Gloucestershire. Hufikia kama sentimita 60, na miche huachana sentimita 30.

Kwetu Afrika Mashariki lavenda ya Kiingereza hubania maua, kwa sababu inahitaji kipindi cha baridi ili ichanue vizuri. Kwenye nyanda za juu ni afadhali lavenda yenye majani ya meno-meno, Lavandula dentata. Pwani, joto na unyevu huiozesha.

Ili usikose miche ya ua mpya, chukua vipandikizi wakati uleule wa kupogoa: ncha zisizo na maua, sentimita 8 hadi 10, zichume majani ya chini, uzichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo. Usizifunike kwa nailoni ukaziacha hivyo, maana vinyweleo vikishika unyevu majani huoza kabla mizizi haijatoka.