Dodoso la sonona mkononi mwa muuza fursa

Karatasi aliyotuletea kliniki mama mmoja ni ya A4, imetolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia. Juu kuna nafasi ya jina na namba ya simu. Katikati yamo maswali tisa: kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umekosa usingizi, umejiona umeshindwa maisha. Chini, pale ambapo sisi huandika jumla ya alama, kuna bei. Alama chini ya 10, kifurushi cha kuanzia. Alama 10 na kuendelea, kifurushi cha miezi mitatu pamoja na uanachama.

Mwenye karatasi anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Jirani yake ndiye aliyemwalika kwenye semina huko Nyakato, kwa maneno yaliyozoeleka hapa mjini: “Dada, kuna fursa, njoo usikilize tu.” Ilikuwa wakati wa mbalamwezi, mitumbwi imepaki, na mzigo wake wa mwisho ulikuwa umenyeshewa ukiwa bado umeanikwa. Mtu wa hali hiyo akiulizwa kwa upole kama analala vizuri, atafunguka tu. Alipata alama 17. Akaambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inayoletwa na “sumu mwilini”, kwamba tiba ipo, na kwamba akiwaingiza watu watatu tiba hiyo itajilipa yenyewe. Hela ya uanachama aliikopa kwa watu wa kausha damu.

Maswali yale hawakuyatunga wao. Ni dodoso la PHQ-9, lililotengenezwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke mwishoni mwa miaka ya 1990, na tafsiri yake ya Kiswahili tunaitumia. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Halilipiwi wala halihitaji kibali, kwa hiyo mwenye bando yeyote analipata. Alama 10 kwenda juu hutuambia kwamba mtu huyu anastahili kukaa na mtaalamu aulizwe zaidi, basi. Msiba, upungufu wa damu, pombe, tezi ya shingo, vyote vinaweza kupandisha alama. Karatasi peke yake haiwezi kusema unaumwa nini, seuze kukwambia ununue nini. Tuwe wakweli pia: dodoso hili lilitengenezwa kwa fedha za Pfizer, kampuni iliyokuwa ikiuza dawa ya sonona. Harufu ya biashara haikuanzia Nyakato.

Linaloniuma zaidi ni swali la tisa. Linauliza kama umekuwa ukiwaza kwamba ni afadhali ufe, au ujidhuru. Katika kazi yetu, anayeuliza swali hilo anaingia deni papo hapo. Jibu likizidi sifuri, kalamu inawekwa chini. Unamuuliza kama ana mpango, kama kuna kitu cha hatari karibu naye, nani atakuwa naye usiku wa leo, nani tumpigie simu. Foleni nje isubiri. Kule semina watu walijumlisha alama zao wenyewe huku spika zikipiga muziki. Yule mama aliandika 2 kwenye swali la tisa, yaani zaidi ya nusu ya siku zile. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipewa namba ya kulipia.

Chombo cha pili wanachokichukua kwetu ni kigumu kukitambua kwa kuwa hakina karatasi. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alieleza njia ya mazungumzo ya kuamsha ari, kwa ajili ya watu wenye shida ya pombe, na baadaye akaiendeleza na Stephen Rollnick. Unamuuliza mgonjwa: kuanzia 0 hadi 10, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako? Akisema 4, humuulizi mbona siyo 10. Unamuuliza kwa nini 4 na siyo 1. Hapo anaanza kutaja sababu zake mwenyewe: watoto, kibarua, ini. Mtu huamini zaidi alichokisema kuliko alichoambiwa. Tunaitumia kliniki na inafanya kazi, na hatari yake iko hapo hapo. Swali hilo hilo likiulizwa na mwenye kamisheni, “unatamani kiasi gani kuwatoa wanao kwenye nyumba ya kupanga?”, mtu anajijengea hoja ya kwenda kukopa. Siku hela ikipotea hamlaumu muuzaji, anajilaumu yeye, maana kila neno lilitoka kinywani mwake. Wengi hufika kwetu na aibu hiyo kwanza, hasara wanaitaja mwishoni. Waasisi wa njia hiyo wenyewe walionya kwamba mwenye maslahi binafsi katika uamuzi wa mteja asiitumie.

Halafu kuna shuhuda. Katika kikundi cha tiba, kinachosemwa hubaki kikundini, na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kinawakataza wanachama wake kuomba ushuhuda kwa mteja ambaye bado yuko kwenye tiba. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya fursa, kilio chako kinarekodiwa leo na kesho kinasikika Igoma, Buhongwa mpaka Sengerema. Anayehoji anaambiwa ana “mawazo hasi” au “jeraha la utotoni kuhusu pesa”, na wenzake wanashauriwa wamkwepe. Wanaoikumbuka DECI ya 2009, upatu ulioziita fedha za watu “mbegu” za kupanda na kuvuna, wataujua mchezo. Kipindi kile ulivaa nguo za mahubiri, sasa umevaa za saikolojia. Upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai hapa nchini, na viongozi wa DECI walitiwa hatiani mwaka 2013.

Msidhani ni ujanja wa vichochoroni tu. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine ili zitumike kwenye matangazo, ilhali ilikuwa imewaahidi siri. Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa sheria hiyo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba yako ya simu ikikaa mstari mmoja na jibu la swali la tisa, kwenye daftari la muuzaji, jambo hilo linaihusu Tume.

Na sisi wa makoti meupe tusijitoe. Yupo mshauri nasaha mwenye makopo ya unga wa lishe kwenye droo. Mteja aliyemweleza siri za ndoa yake atamkatalia vipi? Kwangu mimi hata punguzo la bei halisafishi jambo hilo: ukimhudumia mtu, usimuuzie.

Ukipewa dodoso popote, uliza nani atalisoma, litatunzwa wapi, na jibu likiwa baya nini kitafuata. Wakikujibu kwa kutaja bei, inuka. Huduma ya afya ya akili ipo Bugando, na kituo cha afya au afisa ustawi wa jamii wa kata yako anaweza kukuandikia rufaa. Kama umeshaambiwa uache dawa za hospitali ili kifurushi “kifanye kazi”, usisubiri tarehe yako ya kliniki: njoo kesho asubuhi, na kifurushi chenyewe uje nacho.